Mjamzito Juu ya Tandiko

Swali la iwapo mwanamke mjamzito aendelee kupanda farasi au aache huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la hospitali peke yake, na ndiyo sababu majibu yake huwa mafupi mno kumfaa anayeuliza. Daktari wa uzazi anaijua mimba, lakini katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hajapata hata kumgusa farasi. Mtunza farasi naye anamjua mnyama wake mpaka anavyopumua, ila hana habari na yanayotendeka ndani ya mji wa mimba katika wiki ya 14. Mwanamke anajikuta katikati ya elimu hizi mbili zisizokutana, akilazimika kuwa mkalimani wa kila upande kwa mwenzake. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa ni za mwandishi aliyepata kuwa katikati hapo, alipokuwa mpandaji wa kawaida, asiye mshindani, katika viunga vya Nairobi, na alilojifunza linaweza kutangulizwa: hatari kubwa ya kupanda farasi wakati wa mimba haimo katika kupanda bali katika kuanguka, na kuanguka hakuamuliwi na ustadi wa mpandaji pekee, kwa kuwa nusu ya uamuzi huo iko mikononi mwa farasi.

Kwamba mambo haya yalitokea Nairobi na si Mombasa au Dar es Salaam si bahati nasibu. Farasi ni mnyama anayeteseka sana katika nchi za tropiki, kwa sababu mbung'o humwambukiza nagana, ambayo ni malale ya mifugo, na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma wakati wa magharibi na alfajiri, humletea ugonjwa wa virusi uitwao tauni ya farasi ya Afrika, ambao unaweza kumuua katika siku chache. Ndiyo maana pwani ilimtegemea punda, na farasi akapata makao katika nyanda za juu zenye baridi, kuanzia Nairobi na Naivasha hadi Njoro na Nanyuki, alikoletwa kwa wingi na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujulikana ulimwenguni kama rubani, alikuwa kwanza mwalimu wa farasi wa mashindano. Urithi huo umebaki hadi leo katika uwanja wa mbio wa Ngong na katika mabanda ya Karen na Lang'ata, na pamoja nao umebaki mgawanyo wa elimu ambao ni muhimu kwa habari hii: wanaopanda ni watu wachache wenye nafasi, na wanaomjua farasi hasa ni masaisi, yaani watunzaji wanaomlisha, kumsugua, kumtandika na kumtembeza kila siku ya Mungu.

Miongozo ya kitabibu ipo, na ni haki kuanza nayo, ingawa haikubaliani neno kwa neno. Chuo cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinahimiza mazoezi kwa wajawazito wenye afya, angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, lakini kinautia upandaji farasi katika orodha ya michezo ya kuepukwa kwa sababu ya hatari ya kuanguka, pamoja na kuteleza kwenye theluji milimani na kuendesha baiskeli katika njia za mashambani. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza inaitaja hatari hiyohiyo, lakini inasema michezo ya namna hiyo ifanywe kwa tahadhari tu. Tofauti baina ya kuepuka na kufanya kwa tahadhari si ndogo kwa mtu ambaye tayari amevaa buti zake. Hata hivyo haitokani na tofauti ya ushahidi, maana hakuna mtafiti mwenye dhamira anayeweza kuchukua wajawazito wengi, akawapandisha nusu yao juu ya farasi na kuwakataza nusu nyingine, kisha akahesabu matokeo. Miongozo yote miwili inatoka katika hoja ya kimaumbile kuhusu mwili unaopigwa na ardhi, na hoja hiyo ndiyo inayostahili kueleweka kwa undani, kwa sababu mwenye kuielewa hahitaji kukatazwa.

Katika miezi mitatu ya kwanza mji wa mimba ungali mdogo na umejificha ndani ya fupanyonga, lile bakuli la mifupa linalobeba viungo vya chini ya tumbo. Kufikia wiki ya 12 hivi unaanza kuchomoza juu ya mfupa wa kinena, na kufikia wiki ya 20 kilele chake kiko usawa wa kitovu, bila kinga nyingine mbele yake isipokuwa ukuta wa tumbo. Mtoto mwenyewe anaelea katika maji ya uzazi, na maji hayo humkinga vizuri kiasi cha kushangaza. Anayeathirika kwa urahisi zaidi ni kondo la nyuma, kiungo kinachoshikamana na ukuta wa mji wa mimba na kumpatia mtoto hewa na chakula kutoka katika damu ya mama. Ukuta wa mji wa mimba ni msuli, na msuli hunyumbuka. Kondo la nyuma halinyumbuki kwa kiasi hicho. Mwili unapogonga ardhi kwa kishindo, ukuta hujikunja na kurudi, kondo likashindwa kuufuata, na sehemu yake ikaachana na ukuta. Hali hiyo huitwa kutengana kwa kondo la nyuma, na ubaya wake ni kwamba inaweza kutokea kwa mama asiye na mchubuko hata mmoja, na damu inaweza kujikusanya ndani bila kuonekana nje. Kwa sababu hiyo mama aliyeanguka vibaya baada ya nusu ya mimba huwekwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya mji wa mimba ikifuatiliwa kwa mashine, hata kama anajisikia mzima na anataka kurudi nyumbani.

Mabadiliko mengine yanahusu uwezo wa kubaki juu ya tandiko. Homoni iitwayo rilaksini hulegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga, jambo jema kwa siku ya kujifungua lakini baya kwa mtu anayetumia nyonga hizo kujishikiza. Tumbo linapokua, kitovu cha uzito wa mwili husogea mbele na juu. Misuli ya mbele ya tumbo hutanuka na kupungua nguvu. Mpandaji aliyezoea kusahihisha mkao wake bila kufikiri anagundua kwamba mwili aliokuwa akiufahamu umebadilishiwa mizani. Wale wanaojitetea kwa kusema kwamba hawajaanguka kwa miaka mingi wanazungumzia mwili mwingine.

Mwandishi alipopata uhakika wa mimba, mtu wa kwanza kuambiwa baada ya mumewe alikuwa saisi, mzee aliyekuwa akitunza farasi tangu ujanani, na sababu haikuwa mapenzi bali haja, kwani ratiba ya farasi ilikuwa mikononi mwake. Mzee hakuuliza kama ni salama. Aliuliza kama mama anakusudia kuendelea na yuleyule farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye mwendo mzuri na masikio yasiyotulia. Alipojibiwa ndiyo, alinyamaza, akamalizia kufunga mkanda wa tandiko, ndipo akasema: "Mama, huyu hakuangushi kwa ubaya. Anakuangusha kwa woga, na woga hauna ratiba." Katika maneno hayo kulikuwa na elimu ambayo hakuna mwongozo wa hospitali unaoitaja. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na silaha yake ya kwanza ni kukimbia kabla ya kujua anachokikimbia. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, akaweza kuona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya pua na nyuma ya mkia. Kitu chochote kinachoibuka kutoka katika sehemu hizo humfikia bila taarifa. Mafunzo hupunguza woga huo, umri huupunguza zaidi, lakini hakuna kinachoufuta.

Siku chache baadaye mfuko wa plastiki ulipeperushwa na upepo kutoka upande wa pili wa ua. Mifuko ya namna hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini marufuku hiyo ilikuwa bado haijaufikia mfuko huu. Farasi, aliyekuwa akienda telki, mwendo wa kati ambao mguu wa mbele na wa nyuma wa mshazari hukanyaga pamoja, aliruka ubavuni kiasi cha mita mbili, akasimama ghafla, akageuka. Mwandishi hakuanguka, na kutoanguka huko ndiko kulikofundisha. Ili abaki juu, mapaja yalibana kwa nguvu zote, misuli ya tumbo ikakaza kama kamba, kiwiliwili kikatupwa mbele, na sehemu ya chini ya tumbo ikajigonga kwenye mwinuko wa mbele wa tandiko. Mimba ilikuwa changa, imekingwa na mifupa, na haikupata dhara. Lakini pigo lilelile, mahali palepale, baada ya miezi miwili lingekutana na kitu kingine. Wapandaji hupenda kuhesabu mianguko yao, na wasioanguka hujiona hawakulipa chochote. Ukweli ni kwamba kubaki juu ya farasi aliyeshtuka nako kuna gharama, na mwili wa mjamzito huilipa bei ya juu zaidi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kliniki ya wajawazito. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye mkono mwepesi na foleni ndefu nje ya mlango, aliposikia neno farasi aliuliza kama ni kama wale ngamia wa watalii ufukweni Mombasa. Swali hilo halikuwa la kuchekwa, kwa sababu ndilo lililoonyesha kwa nini jibu la haraka la wiki zilizotangulia, lililotolewa na daktari mmoja, kwamba mama aendelee na mazoezi aliyoyazoea, halikuwa na thamani yoyote: lilikuwa jibu la swali ambalo aliyejibu hakulisikia. Safari hii mwandishi hakusema anapanda farasi. Alisema kwamba huketi zaidi ya mita 1.5 kutoka ardhini, juu ya mnyama wa kilo 500 ambaye huweza kugeuka ghafla bila onyo. Muuguzi aliweka kalamu chini, akafungua kijitabu cha mama na mtoto, akatafuta kundi la damu.

Alichokuwa akitafuta ni alama ya rhesasi, protini iliyo juu ya chembe nyekundu za damu ya watu wengi na isiyokuwepo kwa wachache. Mama asiyekuwa nayo akibeba mtoto aliye nayo, kisha damu zao zikachanganyika kwa sababu ya pigo la tumboni, mwili wake huweza kutengeneza kinga zinazoshambulia damu ya mtoto, hasa katika mimba zinazofuata. Dawa ya kuzuia hilo, sindano ya anti-D, inafaa itolewe ndani ya saa 72. Baada ya hapo aliuliza umbali wa banda hadi hospitali yenye mashine ya kufuatilia moyo wa mtoto na chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku. Umbali kwa kilomita ulikuwa mdogo. Umbali kwa dakika, saa kumi na moja jioni katika Barabara ya Lang'ata, ni jambo jingine, na kila mkazi wa Nairobi anaelewa bila kuelezwa. "Sasa dada," alisema, "hayo ndiyo unapaswa kuyapigia hesabu. Mimi siwezi kukupigia." Haiwezi kusemwa kwamba alikwepa wajibu, kwani alikuwa wa kwanza katika kliniki ile kulitaja swali kwa sura yake halisi.

Waliokusudia kumtia moyo mwandishi walimletea mifano ya mabingwa, na mifano hiyo ni ya kweli. Mwingereza Mary King alishinda medali ya shaba ya mtu mmoja katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 1995 huko Pratoni del Vivaro, Italia, akiwa na mimba ya miezi mitano, katika mchezo unaojumuisha kuruka vizuizi vigumu mashambani. Mholanzi Anky van Grunsven, naye akiwa na mimba ya miezi mitano, alinyakua dhahabu ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004 akiwa juu ya Salinero, katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa kiwanjani. Hata hivyo mifano hii haithibitishi kinachodaiwa. Mabingwa hawa walipanda farasi waliofunzwa kwa miaka, wakiwa na madaktari karibu, na wanajulikana kwa sababu walimaliza salama; aliyeanguka na kupoteza mimba haitwi kwenye meza ya wanahabari. Zaidi ya hayo, michezo hiyo miwili haina hatari sawa, maana katika kiwanja tambarare kilichozungushiwa uzio kuna mambo machache ya kumshtua farasi, ilhali mbele ya gogo la mashambani anaweza kujikwaa na kumwangukia mpandaji. Kuiweka yote katika neno moja la kupanda farasi ni kuficha jambo lenyewe.

Kwa upande wa familia, hoja zilitoka mbali zaidi. Mama mkwe, Mwislamu mwenye kusoma, alikumbusha kisa kinachosimuliwa katika sira cha Bibi Zaynab, binti wa Mtume, aliyeanguka kutoka juu ya ngamia akiwa mjamzito alipokuwa akihama Makka, na mimba yake ikatoka. Jirani Mkristo alileta picha ya Bikira Maria juu ya punda kuelekea Bethlehemu, ingawa Injili ya Luka, inayosimulia safari hiyo, haitaji punda yeyote. Mazungumzo ya namna hii hayana thamani ya kitabibu, lakini yalifichua jambo ambalo miongozo hailigusi, nalo ni lawama. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu ya kasoro za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe, kasoro ambazo hakuna farasi anayezisababisha wala kitanda kinachozizuia. Pamoja na hayo, mwanamke aliyeonekana juu ya tandiko Jumamosi na kupoteza mimba Jumatano atahukumiwa na wote, naye atakuwa hakimu mkali kuliko wote. Mwandishi aliona ni uungwana kwa nafsi yake kulitia hilo katika mizani, bila kuliruhusu liwe uzito pekee, kwani mwanamke anayeamua kila kitu kwa kuogopa maneno ya watu hatatoka nyumbani kwa miezi tisa.

Uamuzi uliofanywa haukuwa mmoja. Kuruka vizuizi na kwenda shoti kuliachwa mara moja, wala hakukuwa na uchungu mkubwa katika hilo. Yule farasi jike aliachwa baada ya siku ya mfuko, akachukuliwa farasi dume aliyehasiwa, mzee, mzito wa mwendo, ambaye saisi alimwelezea kwa heshima yote kuwa ameshachoka kuogopa. Huyo alipandwa kwa mwendo wa hatua tu, ndani ya uwanja wenye uzio, asubuhi upepo ukiwa haujaanza, saisi akiwa karibu. Mwisho wa hatua hiyo uliwekwa kabla haujafika, kwa kufuata mwili na si kalenda ya shauku: siku mkunga atakapoweza kuugusa mji wa mimba juu ya kinena, tandiko litashushwa. Kuweka mpaka mapema kulikuwa na faida iliyothibitika baadaye, kwa maana siku ilipofika mwandishi alijisikia mwepesi, kichefuchefu kimekwisha, na kila hoja ya kuongeza wiki chache ilionekana ya busara. Mpaka uliowekwa na mtu asiye na haja ndio uliomwongoza mtu mwenye haja.

Kushuka kwenye tandiko hakukuwa kuondoka bandani, na hapa kuna mambo ambayo wapandaji wenyewe huyasahau. Teke la farasi humpata aliyesimama chini. Kwa hiyo kusafisha kwato za nyuma na kumwingiza farasi kwenye gari la kusafirishia kulikabidhiwa kwa wengine. Paka wa bandani, wanaofugwa kwa ajili ya panya, huweza kuacha katika nyasi kavu na mchanga vimelea vya toksoplazima, ambavyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. La hatari zaidi lilikuwa katika kabati la dawa. Altrenojesti, homoni wanayonyweshwa farasi majike ili kupanga majira yao ya joto, hupenya ngozi ya binadamu, na mjamzito hapaswi kuigusa kabisa. Prostaglandini, zinazodungwa majike kwa makusudi ya uzazi, huweza kusababisha mimba ya binadamu kutoka. Katika mabanda mengi chupa hizi hukaa karibu na dawa za minyoo, na vijana wa kike wanaojitolea kusaidia hawaambiwi lolote. Ikiwa kuna jambo moja katika habari hii linalostahili katazo lisilo na mjadala, ni hilo, na ni ajabu kwamba ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Kurudi baada ya kujifungua kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Desturi ya siku 40 inakaribiana na wiki 6 za uchunguzi wa kliniki, lakini misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mji wa mimba kutoka chini, haifuati desturi wala kliniki, na mpandaji hugundua hali yake pale anapojaribu telki na kushindwa kuzuia mkojo. Mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli hiyo, pamoja na kutembea, yalitangulia tandiko kwa miezi kadhaa. Farasi mzee alitumiwa tena, kwa mwendo wa hatua, kati ya vipindi viwili vya kunyonyesha. Farasi jike wa kahawia alikuwa amezungushwa kwa kamba ndefu na saisi muda wote huo ili nguvu zake zisimzidi. Mwishowe akauzwa kwa kijana wa miaka 19 kutoka Nanyuki, baada ya mzee kumweleza mnunuzi huyo, kwa utulivu na bila kupunguza neno, habari za mfuko wa plastiki.